Binti anataka kompyuta ya gemu, mfukoni nina 60,000. Nianzie wapi?

Karani_wa_Zamu

Assalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Nina binti wa miaka 11, yuko gredi ya 6. Nilijitia kimbelembele nikamwahidi kuwa akihifadhi juzuu tatu nitamnunulia kitu chochote kisichozidi baiskeli. Nilidhani ataomba baiskeli. Mwezi uliopita amemaliza, akanijia na karatasi aliyoandika kwa kalamu ya kijani: KOMPYUTA YA GEMU. Chini yake Minecraft, Roblox, na "Fortnite kama pesa itabaki".

Gemu zenyewe huzichezea kwa binamu yake Nyali. Sisi tuko Likoni, kwa hivyo kila Jumamosi ni kuvuka ferry na kubadilisha matatu mara mbili ili mtu akacheze saa moja na nusu, kisha turudi.

Bajeti ni 60,000 na humo mna skrini, kibodi, mausi, mpaka nyaya. Mimi kompyuta naijua ile ya kazini tu, ya kujaza nambari za makontena usiku. Jumatano nilizunguka mjini nikaona vitu viwili. Duka la kwanza wana kisanduku chembamba cha Dell kilichotoka Uingereza, i5 ya kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, bei 13,000. Muuzaji ananiambia "weka kadi tu, hii tayari ni ya gemu". Duka la pili wana kasha jipya la kioo, feni nne zinawaka rangi zote za harusi, "i7", 48,000 bila skrini. Nikauliza i7 ya mwaka gani. Akanijibu, "i7 ni i7, shekhe."

Binti kaganda kwenye hilo la taa. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Pweza22

Mnunulie PS4 iliyotumika, uzi ufungwe.

Karani_wa_Zamu

PS4 haiandiki insha. Na mamake alikubali kwa sababu ya neno "kompyuta".

Pweza22

Hapo sina neno.

Fundi_Bisibisi

Wa aleikum salaam bwana Karani. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nimelala chini ya meza ya mtu.

Tuanze na huyo wa "i7 ni i7". Hilo ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta. Tazama nambari inayofuata kistari. i7-2600 ni kizazi cha 2, ilitoka 2011. i5-8500 ni kizazi cha 8, ilitoka 2018, ina kori sita (ni kama vichwa sita vinavyofanya kazi pamoja), na inaiacha nyuma hiyo i7 ya zamani bila kutoka jasho. Mtu anayekuuzia prosesa bila kukutajia nambari nzima ni kama anayekuuzia samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Mwambie afungue.

Halafu hilo kasha la kioo. Sina chuki na taa, lakini nimeshafungua mengi ya aina hiyo, na pesa yote huwa imeishia mahali jicho linapoona. Muombe akuonyeshe kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Wiki hii mteja kaniletea moja, ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Kwenye jedwali dogo, mstari wa +12V, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu), imeandikwa ampea 18. Piga hesabu: 18 mara 12 ni 216. Ukiishika mkononi ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga. Hiyo ndiyo 500W yake.

Sasa kisanduku chembamba. Bei yake inavutia, najua. Lakini kizazi cha 4 kina tatizo ambalo si la nguvu. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Ziko njia za kuilazimisha, nami hulazimisha kwa wanaonilipa wakijua wanachofanya. Kwa mashine ya mtoto atakayebonyeza kila kinachong'aa mtandaoni, sikushauri. Ungeniambia ni Minecraft peke yake ningekuwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, toleo la Java linakwenda vizuri sana huko. Fortnite kwenye Linux haikubali.

Tatizo la pili ni wembamba wenyewe. Humo kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, inaingia ile fupi tu, na fupi ni adimu na huuzwa ghali. Wewe mtoto wa miaka 11 unamshonea sare bila pindo la kuachia? Fundi cherehani mzuri huacha vidole vinne ndani. Kompyuta ni hivyo hivyo. Tafuta mnara, lile kasha refu, sura mbaya si hoja. Dell OptiPlex 5060 au 7060 ya mnara, au HP na Lenovo za rika hilo, zenye i5-8500 au i5-8400. Ziliuzwa maofisini kwa maelfu, sasa zinashuka bandarini kwetu hapa.

Ndani yake utie kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya 4GB. Kwa nini hiyo? Tundu la kadi kwenye bodi linatoa wati 75, na 1650 nyingi zinatosheka na hizo 75 bila waya wa ziada. Prosesa nayo ni ya wati 65. Jumla 140, ongeza diski, feni na vikorokoro, bado uko chini ya 200. Pawasaplai ya OptiPlex ya mnara ya umri huo ni wati 260, tena wati za kweli. Ila angalia: zipo 1650 zenye tundu la pini 6 ubavuni. Hiyo iache dukani, mnara wa ofisi hauna waya wake. Na usidhani utabadilisha pawasaplai kirahisi, maana Dell na HP za ofisi zina plagi zao wenyewe, si ile ya pini 24 ya kila mtu. Adapta zipo, lakini hiyo ni safari nyingine.

Pweza22

Fundi nakuheshimu, lakini mitumba mpaka lini? Prosesa ya 5600G mpya, bodi ya A520, RAM 16, hakuna haja ya kadi kabisa. Prosesa ina grafiki ndani. Kesho akipata pesa anaongeza kadi yoyote aitakayo, haulizi wati wala pini.

Fundi_Bisibisi

Hoja yako ina uzito, na angekuwa na 80,000 ningekaa upande wako. Kori sita, nyuzi 12 (kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja), Windows 11 bila maneno, pindo la kuachia refu. Lakini grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Kwa hiyo lazima RAM ziwe mbili, 8 na 8. Ukitia kijiti kimoja cha 16 umefungua lango moja la ferry saa kumi na moja jioni: watu ni wale wale, chombo ni kile kile, na foleni imefika mpaka huko juu. Na RAM zenyewe zilipanda bei vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia kulisha mitambo ya akili unde. Ukishanunua bodi, prosesa, RAM mbili, diski, kasha na pawasaplai ya kuaminika, 60,000 imekwisha na skrini hujaigusa. Na bado kwa Fortnite hiyo 1650 inampita.

Pweza22

Kwa skrini umenishinda. Nilisahau kuwa watu hununua skrini, mimi natumia TV ya nyumbani.

Baharia_Mstaafu

Vijana mnajua mambo. Mimi nina la zamani kidogo. Enzi zangu za meli nilinunua kompyuta Houston, nikaibeba kama yai mpaka Kilindini. Nyumbani Tudor nikaita majirani waje waone. Nikachomeka ukutani. Paa! Moshi mweupe, harufu kama manyoya ya kuku, na nyumba nzima giza.

Nyuma ya pawasaplai kulikuwa na kiswichi chekundu, 115 na 230. Marekani umeme wao ni volti 120, wetu 240. Kilikuwa 115. Kidole kimoja na sekunde moja vingeniokoa na aibu ya mtaa mzima.

Za siku hizi nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini bwana Karani, kabla ya kuchomeka chochote cha mtumba, geuza uangalie mgongo.

Karani_wa_Zamu

Mzee wangu shikamoo. Nimecheka mpaka mke kaniuliza nasoma nini. Nitaangalia mgongo.

Swali: mbona nikienda na kadi ya GTX 1050 Ti napata rahisi zaidi ya 1650? Naona watu wanaisifu.

Fundi_Bisibisi

Ilikuwa kadi tamu, na hata yenyewe ni ya wati 75. Lakini ni ya 2016, na NVIDIA, watengenezaji wake, walitoa draiva (programu ya kuiendesha kadi) yao ya mwisho ya gemu kwa familia hiyo Oktoba 2025. Kuanzia hapo inapata viraka vya usalama tu, mpaka Oktoba 2028. 1650 ni familia iliyofuata, bado inahudumiwa. Tofauti ya bei ikiwa elfu mbili tatu, toa.

Pweza22

Na 1050 Ti ndiyo inayoongoza kwa bandia! Nilipigwa mimi hapa mjini, duka silitaji. Kadi mpya, boksi lake, nailoni yake. Windows inasoma kabisa GTX 1050 Ti. Nikifungua gemu, mashine inazima. Kumbe ni kadi ya zamani sana iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ijitaje kwa jina la mwingine. Pesa sikurudishiwa, nikaambiwa "uliitumia vibaya".

Kilichonifungua macho ni GPU-Z, kiprogramu cha bure kinachoisoma kadi yenyewe. Kwa kadi kama hiyo kinakuandikia waziwazi kuwa ni feki. Na dalili ya macho: ilikuwa na tundu la VGA, lile la buluu la pini 15. 1050 Ti za NVIDIA hazina mambo ya VGA. Ukiliona, rudisha kadi mezani polepole uage.

Wekeni GPU-Z kwenye flashi kabla ya kwenda dukani. Mimi sasa natembea nayo kama kitambulisho.

MamaMapacha_Bamburi

Samahani kuingilia, mimi si fundi, ni mama wa wawili wenye kompyuta moja, kwa hivyo nina digrii ya vita.

Kaka Karani, utaiweka wapi? Sisi tuko karibu na ufuo, tuliiweka chini ya dirisha lipate hewa. Hewa ikaingia na chumvi yake. Baada ya mwaka ikaanza kulia pii pii pii haiwaki. Fundi alipoifungua skrubu zilikuwa nyekundu kwa kutu, na miguu ya RAM imepoteza dhahabu yake, ina ukungu wa kijani. Aliisugua kwa ufutio wa penseli, akaipangusa kwa spiriti ya isopropili, ikafufuka. Elfu moja na soda.

Sasa iko juu ya meza, mbali na dirisha, si sakafuni ambako vumbi na nywele zote huishia. Kila likizo ya shule tunaifungua na kupuliza feni. Wakati wa kaskazi chumba kikiwaka moto naacha ubavu wake ukiwa mbali na ukuta. Hilo tu. Wala msidanganywe kuifunika kwa kitambaa inapofanya kazi, niliona mtu kaivisha ya kusuka kwa uzi.

Na jingine: mtengenezee akaunti ya mtoto kwenye Windows, iliyofungwa na ya mzazi. Mimi nimeweka saa mbili siku ya kawaida na tatu wikendi. Muda ukiisha inajifunga yenyewe. Zamani mchawi alikuwa mimi, sasa mchawi ni kompyuta.

Karani_wa_Zamu

Da Mama Mapacha, hiyo ya mwisho peke yake nimemsomea mamake kwa sauti. Nimepanda daraja nyumbani.

Fundi_Bisibisi

Chumvi ni kweli tupu. Mashine za Nairobi na za hapa, hata kwa macho unazijua.

Karani, ukienda dukani fanya hivi kabla ya kutoa hata senti. Iwashe, ubonyeze F2 mfululizo, kwa Dell, uingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Ikikuomba nywila, ondoka. Ni mashine ya kampuni iliyofungwa, na kuifungua ni maumivu. Isipoomba, humo ndani utaona prosesa halisi na RAM halisi, si maneno ya mtu. Kuna kibandiko cha Service Tag, herufi na nambari saba, ukiziingiza kwenye tovuti ya Dell unaona ilivyotoka kiwandani. Na usilipe "pesa ya Windows". Leseni ya mashine kama hiyo kwa kawaida imo ndani ya bodi, ukishapata intaneti inajitambua.

Umeme: usinunue kadi ukasahau UPS, ile betri ya akiba. Stima ikipotea si neno, balaa ni inaporudi. UPS ya 650VA inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, wala haikusudiwi zaidi ya hapo.

Karani_wa_Zamu

Wadau, narudisha ripoti. Jana nilitoka zamu asubuhi, nikamchukua binti tukavuka.

Duka la nne ndipo tulipoipata: OptiPlex 5060 ya mnara, i5-8500, RAM 8 kijiti kimoja. Alianza 28,000. Nikageuza mgongo kuangalia kiswichi (hakuna, mzee wangu). Binti ndiye aliyebonyeza F2, nilikuwa nimemfundisha ndani ya ferry. Haikuomba nywila. Akasoma "i-tano, elfu nane mia tano" kwa sauti kama anasoma ubao wa darasani, muuzaji akamtazama, akashuka mpaka 24,500 bila mimi kusema mengi.

1650 tumeipata kwingine, imetumika, haina pini 6, 15,000. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye mashine yetu palepale, tukaifungulia GPU-Z ya Pweza. Safi. Skrini ya inchi 22 ya mtumba 6,500. Diski ya NVMe (ile ya kasi isiyozunguka) ya 512GB 5,500, kwa sababu iliyokuja nayo ni ile ya kuzunguka na ilikuwa inakoroma. Kibodi na mausi 1,800. UPS 6,000. Jumla 59,300. Mia saba tukala viazi karai na ukwaju.

RAM ya pili itasubiri Idi.

Kurudi sasa. Mnara begani, skrini nimeifunga kwa leso mbili za mamake, binti kaikumbatia, UPS ndani ya kiroba, na ferry imejaa saa kumi na moja hiyo hiyo ya fundi. Mama mmoja muuza mboga akauliza, "Mwabeba nini, maiti ya TV?" Akatupisha tukae.

Lakini kuna shida. Imewaka vizuri, Windows imejitambua, Roblox inacheza. Minecraft inakwama kwama, kila akigeuza shingo inasita. Fortnite ndiyo kabisa, picha moja moja kama mkanda wa harusi ya zamani. Kadi nimeichomeka mwenyewe, imelia "tak". Nimepigwa?

Pweza22

Usiniambie.

Fundi_Bisibisi

Hujapigwa. Angalia nyuma. Waya wa skrini umeuchomeka juu, karibu na matundu ya USB, au chini kwenye kadi?

Karani_wa_Zamu

Juu. Ndiko kulikokuwa na nafasi ya kufika mkono.

Fundi_Bisibisi

Basi kadi yako ya 15,000 imelala usingizi na kazi yote inafanywa na grafiki ndogo ya ndani ya prosesa. Zima, hamisha waya uweke chini kwenye yale matundu yaliyolala, washa.

Karani_wa_Zamu

Subhanallah.

MamaMapacha_Bamburi

Sema basi!

Karani_wa_Zamu

Kelele iliyopigwa humu ndani, jirani kagonga ukuta. Inateleza kama samli. Kashajenga nyumba ya ghorofa huko Minecraft, ina baraza mbele. Mamake alikuja kutazama dakika moja, sasa ni nusu saa na anaelekeza mahali pa kuweka mlango.

Baharia_Mstaafu

Mashallah. Na taa za rangi? Hajaziulizia?

Karani_wa_Zamu

Hata, mzee wangu. Kapenda kitu kingine. Ubavuni mwa mnara kuna kibandiko cha ofisi ya huko ulikotoka, nambari tu, tarakimu nne. Nilitaka kukibandua, akanishika mkono. Anasema hiyo ndiyo namba ya nyumba yake.

Fundi_Bisibisi

Mwache nacho. Ila mwambie asiitumie kuwa nywila.

Karani_wa_Zamu

Umechelewa.